Zaburi yangu ya Kwaresima

Jumatano ya Majivu tunaimba Zaburi ya 51, na sina ugomvi nayo. Ila Kwaresima yangu huwa naiegemeza kwenye ya 130: "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Ina aya 8 tu, na ni mojawapo ya Zaburi 7 za toba. Wengi wetu tuliizoea misibani, kwa kuwa huombewa marehemu.

Aya ya 3 ndiyo iliyonishika: "Bwana, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?" Sisi Kwaresima tumeigeuza mahesabu. Nimeacha bia, nimeacha soda, Njia ya Msalaba sijakosa, na fulani yeye mbona anakula nyama Ijumaa? Ni daftari la madeni la dukani kwa Mangi, tena tunaandikia hadi majirani. Kisha inakuja aya ya 4, ngumu kuliko zote: "Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe." Ningekuwa mtunzi mimi, ningeandika kwako kuna fimbo. Lakini anayeogopa fimbo humkwepa mwenye fimbo, basi. Aliyefutiwa deni ambalo asingelilipa maisha yake yote ndiye anayeona haya kupita pale dukani kwa ujanja.

Halafu wale walinzi. Nafsi inamngoja Bwana "kuliko walinzi waingojavyo asubuhi", na maneno hayo yanarudiwa palepale. Mlinzi wa getini anaijua saa kumi ya alfajiri: baridi imeshapenya koti, chai ya chupa imekwisha, na ukisinzia kazi huna. Wahubiri wengi hukimbilia mapambazuko. Zaburi yenyewe haifiki huko. Inaisha Israeli wakiwa bado wanaambiwa wamtarajie Bwana.

Kwa hiyo nawasifu waliopanga masomo ya Dominika ya 5 ya Kwaresima, mwaka A, yaani wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa. Somo la kwanza Ezekieli anatangaza makaburi kufunguliwa, Injili Lazaro ana siku nne kaburini, na katikati yao ndiyo hii Zaburi. Kinachoniudhi ni jinsi tunavyoipitisha mbiombio. Kwaya inayoweza kurudia kibwagizo cha matoleo hadi vikapu vyote vifike mbele haiwezi kushindwa kuwapa walinzi mara zao mbili.