Vijiaskari vya zamani vinataka mtu anayesoma

Mi naona hobi ya vita vya mezani, yaani kucheza vita kwa vijiaskari na sheria za mchezo, siku hizi imeegemea sana kununua na kupaka rangi, kusoma kumebaki nyuma, na inaniuma kwa sababu hii kitu ilianzishwa na watu wa vitabu. H.G. Wells alikuwa mwandishi wa riwaya, na mwaka 1913 ndo akatoa Little Wars, sheria za kupigana sakafuni kwa kutumia wanajeshi wa kuchezea wa kampuni ya Britains, wale wa madini ya risasi walio wazi ndani, na vimizinga vya springi vinavyofyatua kijiti kweli kweli. Karibu miaka 50 baadaye akaja Donald Featherstone wa Southampton, mtu aliyetumikia vifaru kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kazi yake tiba ya viungo, na kitabu chake cha 1962 kikawaonyesha Waingereza wengi kwamba mtu mzima anaweza kukaa mezani na dadu na rula akavipigana vita vya Waterloo upya. Peter Young naye alikuwa brigedia, alipigana na makomando, halafu akakaa na mwenzake James Lawford wakaandika sheria za vita vya karne ya 18. Hawa jamaa walisoma kwanza, vijiaskari vikafuata.

Na ndo maana navipenda vijiaskari vya enzi zao, wale wa urefu wa milimita 25 wa kampuni za Minifigs na Hinchliffe. Wamesimama tu, bunduki begani, sura ni pua na vitundu viwili vya macho, na ukiwapanga bataliani nzima wanafanana wote. Wa sasa hivi wa milimita 28 wamechongwa mpaka kifungo cha mwisho, kina Perry wale wachongaji mapacha wana mkono wa ajabu na siwezi kuwabeza hata kidogo, ila kijiaskari cha sasa kinakuja kimeshasema kila kitu, amekunja uso, amefungua mdomo, kazi yako ni kumpaka tu. Yule wa zamani amenyamaza, hasemi chochote mpaka wewe umesoma huyu alikuwa nani, alikula nini, mshahara wake ulichelewa au la, kamanda wake alimdharau au alimpenda. Nikimaliza kusoma sura moja nzuri ya historia, bataliani ile ile niliyoizoea naiona upya kabisa.

Sasa tuje kwetu, maana hapa nina neno. Vita vya Afrika Mashariki vya karne ya 19 vinachezwa Uingereza, tena sana tu, mchongaji Mark Copplestone aliwachongea kampuni ya Foundry mkusanyiko mkubwa wa Afrika ya wakati huo, ruga-ruga (wapiganaji wa kukodiwa) wamo, watu wa misafara ya Unguja wamo, askari wamo. Lakini wachezaji wengi wanasoma nini? Stanley na wazungu wenzake. Wakati sisi tuna Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara wa misafara, aliyeeleza maisha yake kwa Kiswahili, jinsi alivyomwendea Nsama kule Itahwa, bunduki dhidi ya mishale, mtawala ambaye wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanamwogopa. Tuna utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy wa vita vya Wadachi (Wajerumani) kutamalaki Mrima, yaani pwani, tuna wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Maji Maji. Tenzi hizo ni sauti za watu wa upande uliopigwa mizinga, na mtu anayesoma Kiswahili anazipata moja kwa moja bila mkalimani. Mimi naziweka juu kuliko kitabu chochote cha picha za sare.

Na kusoma ndo kunakokuunganishia meza moja na nyingine. Chukua Emil von Zelewski. Agosti 1888 yuko Pangani, anapandisha bendera ya kampuni ya Wajerumani, watu wanachukia, vita vya Abushiri vinawaka, ofisa wa Kijerumani Wissmann analetwa pamoja na askari wa Kisudani, na Desemba 1889 Abushiri ananyongwa hapo hapo Pangani. Zelewski yule yule, 17 Agosti 1891, anaongoza msafara kwenda Uhehe na kufia Lugalo mikononi mwa watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, bunduki za mashine na mizinga anayo lakini haikuwahi hata kupangwa, dakika chache msafara umeisha na bunduki kama 300 zimechukuliwa. Ukiwa na orodha ya silaha tu utasema Mjerumani lazima ashinde. Ukisoma unaelewa kwamba Lugalo haichezeki kwa kupanga pande mbili zinazotazamana, Wahehe wasiwe mezani kabisa mwanzoni, awepo mwamuzi anayejua walipo, mtindo ule ule wa mchezo wa vita aliouweka ofisa Reisswitz kwa jeshi la Prussia mwaka 1824, na mwenye msafara aone tu njia, wapagazi na vichaka. Hapo anapata hofu halisi ya kutojua.

Wahehe wa kuwatumia kwa mchezo huu wanapatikana hata kwenye vijiaskari vya chuma vya zamani. Wazulu wa milimita 25 wanafaa, na si kwa kubahatisha: Wangoni walitoka kusini, upande wa Wazulu, na kiongozi wao Zwangendaba, wakaja na ngao kubwa, mkuki mfupi na mpangilio wa vikosi, na Wahehe walijifunza vita kutoka kwa jirani hao. Wapunguzie mapambo ya kichwani, ngao zipake rangi mchanganyiko, wachache wape bunduki, ila wengi waache na mikuki, maana zile bunduki 300 walizipata baada ya Lugalo.