Seva yetu imekosa daftari la masjala

"Nani kagusa bajeti?" Ofisini kwetu hapa Mwanga, Kigoma, swali hilo lilikuwa halipiti mwezi. Mtu kafungua jedwali kwenye seva, kasevu juu ya kazi ya mwenzake, kaenda zake kula migebuka. Tunakuja kushtuka mhasibu keshachapisha. Enzi za majalada ya karatasi, mama wa masjala alikuwa na daftari lake: jalada limetoka, limekwenda kwa fulani, limerudi. Tulipohamia kwenye seva tulihamisha majalada, daftari tukaliacha.

Ndiyo maana nautetea mlisho wa RSS, yaani orodha ya mambo mapya ambayo programu ya kusomea huifuatilia yenyewe. Ni kitu cha mwaka 1999 ambacho wengi walikizika Google Reader, huduma ya Google ya kusomea milisho, ilipofungwa Julai 2013. Mlisho ni faili moja tu la XML, maandishi yaliyopangwa kwa alama ili programu iyasome. Programu ndogo kwenye seva inakagua folda kila dakika 15. Ikikuta badiliko inaandika kwenye mlisho jina la faili na saa. Sisi tunasoma kwa Thunderbird, programu ya barua pepe inayosoma pia milisho. Kukiwa hakuna jipya, seva inajibu 304, yaani "hakuna kilichobadilika", na mlisho haushushwi upya, kwa hiyo hata mwenzetu aliye Kasulu halilii bando.

Wakubwa walitaka taarifa hizo ziingie kwenye kundi la WhatsApp. Nilikataa. Kundi lile lina michango ya harusi, misiba na "asubuhi njema". Badiliko la bajeti litaonekana saa ngapi?

Ila mwanzoni nilikosea, tena vibaya. Nilitegemea tarehe ya faili. Lililofutwa halina tarehe ya kuangalia, na lililobadilishwa jina hubaki na tarehe yake ileile. Siku folda ya mikataba ilipohamishwa nzima, mlisho ulikaa kimya kama hakijatokea kitu. Sasa programu inatunza orodha ya ukaguzi uliopita (majina, ukubwa, tarehe) na kuilinganisha na ya sasa. Kilichokuwepo jana na leo hakipo, kinatajwa.

Mlisho uwekeeni nywila, jamani. Faili la barua ya onyo likibeba jina la mtumishi, mlisho ulio wazi utamwanika mbele ya ofisi nzima. Na chelezo, yaani nakala ya akiba, iendelee kuwepo. Mlisho unakwambia faili limepotea, haukurudishii.

Jina la aliyegusa halionekani bado. Hilo linataka kumbukumbu za Samba, programu ya seva inayotugawia mafaili, nami sijaziwasha. Mhasibu keshaniuliza mara mbili wiki hii.