Ukumbi Mzima wa Wasikilizaji, na Hakuna Anayesikiliza

Jamani, kazi yangu ni kusikiliza. Nasikiliza ndoa zinazovunjika, wakwe wasiosemezana, mabosi wanaowanyima watu usingizi. Sasa ukisikia kuna kongamano la tiba ya kisaikolojia, ukumbi umejaa watu wa kazi hiyohiyo, si ungetegemea utulivu? Thubutu! Hakuna anayesema kuliko msikilizaji aliyepewa kipaza sauti. Mtu kafunga mdomo mwaka mzima, leo kaliona jukwaa, unadhani atashuka?

Chukua suala la muda. Kwenye chumba cha tiba saa yetu ina dakika 50, na hatuna mchezo nayo. Mteja ndiyo kwanza kafikia penye uchungu wenyewe, leso mkononi, sisi tunaitupia jicho saa ya ukutani na kutamka kwa sauti ya upole, "Naona muda wetu wa leo umekwisha, hili tutaanza nalo wiki ijayo." Haya, mlete mtaalamu huyohuyo kwenye kongamano, umpe dakika 20. Dakika ya 15 bado anawashukuru waandaaji. Dakika ya 20 anafungua slaidi ya pili, na pale pembeni pameandikwa 2/64. Mwenyekiti wa kikao anacho kikaratasi cha "DAKIKA 2". Anakiinua, anakishusha, anakiinua tena. Kumkatiza hathubutu, maana naye ni mtu wa fani, anaogopa mtoa mada asije akajisikia amekataliwa.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa leo, tumeurithi. Watu wa saikoanalisia, tiba ile ya kumwacha mgonjwa aseme kila kinachomjia akilini, walipofanya kongamano lao la kwanza la kimataifa, Salzburg, Aprili 1908, mwasisi wao Sigmund Freud alieleza habari za mgonjwa mmoja tu, yule anayejulikana kwa jina la Mtu wa Panya. Akaongea kama saa tatu hivi. Akataka kuishia hapo, na wasikilizaji, sijui waliingiwa na nini, wakamsihi aendelee! Akaendelea. Tangu siku hiyo kila mtoa mada akituona tumetulia anadhani tunamsihi.

Kupatana nako hatukujaliwa. Kongamano la Munich, mwaka 1913, Freud na Carl Jung, aliyekuwa mfuasi wake wa karibu, walishafika mahali hawapikiki chungu kimoja. Jung alichaguliwa tena kuwa rais wa chama chao cha kimataifa, lakini kundi kubwa la wajumbe likakataa kumpa kura. Baada ya pale wazee hao wawili hawakuonana tena maisha yao yote. Halafu mimi ndiye natakiwa kumwambia mteja ampigie simu shemeji yake wayamalize.

Mapumziko ya chai ndiyo mateso yenyewe. Umeshika kikombe, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimegeuka nyuma mbele, anakuja mwenzako.

"Habari za safari?"

"Naona safari ni jambo linalokugusa."

"Na wewe umeliona hilo."

"Umejisikiaje mimi kuliona?"

"Mmh."

"Mmh."

Mpaka kengele inalia hakuna aliyejua mwenzake katoka wapi. Kila mmoja anasubiri mwingine afunguke. Tungeachwa pale tungekesha.

Afadhali hapo, kuliko warsha za mchana. Mwezeshaji anasema mgeukie jirani yako, mtazamane machoni, mwambie jambo dogo linalokusumbua. Dogo tu, anasisitiza, tatu kwa kumi. Jirani yangu, mama mmoja wa heshima zake, akaanza na mama yake mzazi. Tukapita utotoni, tukapita darasa la kwanza, tulipofika la nne mwezeshaji akagonga kengele: badilishaneni. Nikasema viatu vyangu vinabana. Akainamisha kichwa upande, akanyamaza ule unyamazo wetu wa kulipiwa, kisha akaniuliza, "Na ni nani mwingine maishani mwako anayekubana?"

Mama, ni viatu! Nimevinunua kwa ajili ya kongamano! Angeniambia "vivue" ningempa cheti mimi mwenyewe.

Huko kwenye korido nako kuna meza za tiba mpya. Kila mwaka inazaliwa nyingine, jina lake herufi tatu au nne, ina ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila ngazi ina ada yake. Tangu mwaka 1936 mwanasaikolojia Saul Rosenzweig aliandika kwamba njia mbalimbali za tiba hufanikiwa kwa sababu ya mambo yaleyale yaliyomo katika zote. Nani alimsikiliza? Mwaka 1985 kule Phoenix, Marekani, watu wapatao 7,000 walikusanyika kuwaona vigogo wa tiba hizi kwenye ratiba moja: Carl Rogers, Virginia Satir, Albert Ellis, Aaron Beck na wenzao. Kila mmoja alikuja na njia yake na akaondoka nayo.

Muda wa maswali sitausema sana. Anasimama mzee wa mstari wa mbele, anashika kipaza sauti kwa mikono miwili: "Langu si swali, ni mchango tu." Hapo mimi hutoka kwenda chooni, na foleni ya chooni nayo imejaa waliowahi kulisikia neno hilo.

Mwishoni unapewa fomu ya tathmini. Usipoijaza hupati cheti, na bila cheti hupati alama za kuhuisha leseni. Ulijisikiaje, 1 hadi 5? Sisi ambao mwaka mzima tunawashuku wateja wanaojaza namba ileile kuanzia juu hadi chini! Nilizungusha 5 kote, hata kwenye warsha iliyoahirishwa. Cheti nikapewa hapohapo, kizuri, kina muhuri, kina jina la mtu mwingine.

Nikarudi mezani. Dada wa usajili akapekua orodha, akasema mwenye jina hilo ndiye aliyechukua changu, basi tutafutane. Yuko wapi? Ukumbi mdogo, kwenye warsha ya ukimya. Mlangoni wamebandika karatasi: tafadhali msiongee, hadi saa kumi na mbili jioni.