Tani Hii ni ya Nani?

Ukitaka kumvunja moyo mtu anayepanda miti na jirani zake, mpe kikokotoo. Dunia hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Zigawe kwa sekunde za mwaka, utapata zaidi ya tani 1,100 kwa kila sekunde. Sasa tazama mradi wa Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 wanauza kredi za kaboni, yaani hati za hewa ukaa iliyozuiwa ambazo mtoa moshi hununua ili kufidia moshi wake, zinazolingana na tani 3,000 hivi kwa mwaka. Jasho la mwaka mzima, na dunia inalifuta kabla sekunde tatu hazijatimia.

Hoja hiyo ni nzito, na watetezi wa juhudi za mitaani hawaitendei haki wanapoijibu kwa methali ya haba na haba. Kibaba hakijai ikiwa chini kuna tundu la ukubwa huo. Tena hoja ina mwenzake. Miaka ya 2000, kampuni ya mafuta ya BP ilikuwa mstari wa mbele kueneza kwa matangazo wazo la kila mtu kupima kaboni anayoitoa mwenyewe, ikaweka hata kikokotoo mtandaoni ili watu wajihesabie. Muuza mafuta anapokuuliza kama umezima taa, ni vizuri kujua kwa nini anauliza.

Kinachoshusha moshi kwa kishindo ni sheria na bei. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa yakizalisha karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Septemba 30, 2024, mtambo wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa. Gharama ya kutoa kaboni ilipandishwa, kanuni zikakazwa, mitambo ya upepo ikajaa baharini. Hakuna kamati ya kijiji iliyoweza kufanya hayo.

Basi wanakijiji wakae na kusubiri serikali? Hapo ndipo ninapoachana na wenye vikokotoo, na sababu yangu inaanzia mbali kidogo, katika kisiwa cha Samsø, Denmark. Mwaka 1997 kisiwa hicho cha watu wapatao 4,000 kilishinda shindano la serikali la kutafuta kisiwa kitakachojitegemea kwa nishati jadidifu. Kufikia 2000 mitambo 11 ya upepo ilikuwa imesimama nchi kavu. Mwaka 2003 ikaongezwa 10 baharini. Mabua yanayobaki baada ya mavuno yakawa yanachomwa katika vituo vinavyopeleka maji moto majumbani kwa mabomba.

Kwenye masimulizi ya Samsø, jambo linalopitiwa haraka ni umiliki. Mitambo mingi ya nchi kavu ni ya wakulima wenyewe, na iliyobaki ni ya ushirika wa watu walionunua hisa. Mtu ambaye pengine angelalamika kwamba panga hizo kubwa zinamharibia mandhari, hulalamika zinaposimama, kwa kuwa kila zikizunguka kuna senti yake inayoingia. Na serikali haikuwa imekaa pembeni: ilikuwa imeuhakikishia umeme wa upepo bei kwa miaka kadhaa, na kwa bei hiyo mkulima aliweza kwenda benki akiwa na cha kueleza. Kijiji na dola havikushindana pale. (Magari na feri za kisiwa ziliendelea kunywa mafuta, wenyewe waliyafidia kwenye hesabu kwa umeme wa ziada waliouza bara. Hata mashujaa wana mahesabu yao.)

Kuna pia athari isiyoonekana kwenye jedwali la tani. Utafiti uliofanywa California na kuchapishwa 2012 ulionyesha kwamba nyumba ikifunga paneli za sola, uwezekano wa wengine wa eneo lilelile kufunga za kwao unapanda. Nadhani wengi tungelijua hilo bila utafiti. Jirani akipanda darini na fundi, utasimama uangalie, na jioni utauliza bei.

Nirudi Gazi, kwenye tope. Nasema tope kwa makusudi, kwa maana sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haimo kwenye shina wala majani. Imo chini, kwenye udongo mweusi uliojaa maji ya chumvi na usio na oksijeni, ambamo mizizi na majani yaliyokufa huoza polepole mno. Kata mkoko, tope likauke na kupata hewa, na kilichohifadhiwa kwa vizazi kinaanza kurudi angani. Mtu akipita na utepe wa kupimia, akauzungusha kwenye shina usawa wa kifua, anachokipima ni dalili tu ya kilicho chini ya miguu yake.

Waliouanzisha mradi walijua pia kwamba shoka halistaafu. Ukilizuia hapa litahamia ghuba ya pili, kwa kuwa watu bado wanahitaji kuni na nguzo. Kwa hiyo wakapanda mivinje ili mahitaji hayo yapate pa kwenda. Hapo ndipo ujuzi wa wenyeji unapompita mshauri yeyote wa kutoka nje: wanajua nani anakata, anakata wapi na anakatia nini. Fedha za kredi zimekwenda kwenye maji na vitabu vya shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa swali linalonisumbua. Tani ikishauzwa, ni ya nani? Mnunuzi anaihesabu kwenye vitabu vyake ili kufidia moshi anaoendelea kuutoa. Kijiji hakiwezi kuiuza kisha kijisifu kwa tani ileile kwamba kimepunguza hewa ukaa ya dunia. Hiyo ni kuuza mbuzi na kuendelea kumhesabu zizini. Huko angani, kama kila kitu kimepimwa kwa uaminifu, ngoma ni droo. Kilichobaki kijijini ni msitu, samaki wanaozaliana kwenye mizizi, ufuo usioliwa na mawimbi, na fedha. Hayo si madogo, ila ni hesabu nyingine, na ingefaa itajwe kwa jina lake.

Na fedha hizo huvuta watu. Mradi mkubwa wa kaboni ya ardhini kwenye malisho ya kaskazini mwa Kenya ulisimamishwa kwa muda mwaka 2023 na Verra, shirika linaloidhinisha kredi, ili uchunguzwe, baada ya Survival International, shirika linalotetea haki za jamii za asili, kuulalamikia. Kisha Januari 2025 mahakama ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika eneo hilo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Neno "jamii" lilikuwa kwenye kila kibao. Wafugaji walioambiwa wapi wapeleke ng'ombe na lini ndio waliokwenda kortini.

Kenya imejaribu kuliwekea jambo hili uzio. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka mradi wa kaboni unaotumia ardhi uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na uipe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni kiwango kizuri kwenye karatasi. Lakini mapato hayo huhesabiwa baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara, na gharama za mradi wa kaboni ni wapimaji, wakaguzi, wanasheria na ndege. Ningekuwa mzee kwenye baraza linaloletewa mkataba wa namna hiyo, ile 40 ningeiacha kwanza, nikaomba kuoneshwa daftari la gharama na jina la anayeliandika.