Gagulo la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alitua Aberdeen, Scotland, mwezi Juni akiwa na viza ya miezi sita, masanduku mawili ya kanga, na imani kwamba jua ni jua, popote lilipo.

Imani hiyo ilianza kuyumba usiku ule ule. Sisi tunaishi Strathdon, bonde la juu la mto Don, na Juni huku jua halizami mpaka saa nne za usiku zipite. Mama alikaa dirishani na udhu wake akingoja Magharibi. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Akaniita.

"Mwanangu, hilo jua limekwama?"

"Halijakwama mama, ndivyo lilivyo."

"Basi mtu alifunge."

Watoto walimpenda papo hapo, maana alitangaza kwamba mtoto halazwi jua likiwa nje, ni mkosi. Wakawa wanapiga mpira uwanjani mpaka saa tano kasoro, huku visubi vikiwala masikio, na kila tukiwaita ndani wanajibu kwamba bibi karuhusu.

Novemba jua likadai chake. Adhuhuri saa sita, Alasiri saa saba na nusu, Magharibi kabla hata ya saa kumi. Mama akawa anaziswali zote tatu kwa udhu mmoja, na masufuria ya mchana bado yamelowekwa.

Ila hayo ya jua aliyazoea. Kilichomshinda ni kichanja.

Nyumba nyingi za zamani za Scotland zina kichanja cha kuanikia jikoni. Ni fito ndefu za mbao zilizoshikiliwa na vyuma viwili, unazishusha kwa kamba, unaanika nguo, halafu unavuta kamba fito zinapanda mpaka darini. Joto la jiko la kuni linapanda nalo, na asubuhi nguo zimekauka hata kama nje imenyesha usiku kucha. Kitu cha akili sana. Ila aliyekibuni hakuwa akikaa nyumba moja na mkwewe.

Maana chini ya kichanja ndipo meza ilipo. Asubuhi moja nimekaa na chai yangu, nainua macho, juu ya kichwa changu linaning'inia gagulo la mama mkwe. Jeupe, na lesi chini. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Mkwe ni mtu ambaye hata sahani ya wali unampa kwa mikono miwili huku umeinama, leo umekaa chini ya gagulo lake unatafuna mkate. Nikasema niinuke taratibu nihamie upande wa pili. Kabla sijainuka, gagulo likadondosha tone. Ndani ya chai.

Na yeye ndiyo anaingia.

Aliona gagulo, akaniona mimi, akaona kikombe. Akageuka kutazama dirisha. Mimi nikatazama siagi. Chai nikainywa yote, kwa sababu ningeimwaga angejua kwamba nimeona.

Kuanzia siku hiyo akaapa nguo yake haitapanda kichanjani tena. Angengoja jua, akaanike nje, uwanjani, penye heshima.

Jirani yetu, mzee mfugaji ambaye watoto wanamwita babu wa kondoo, alimwonya. Mzee huyu hali ya hewa ndiyo taarabu yake. Ukimpa kikombe cha chai anaanza na Braemar, kijiji kilicho nyuma ya milima kusini mwetu, ambako Januari 1982 baridi ilishuka mpaka nyuzi 27.2 chini ya sifuri, na kabla ya hapo 1895 ilishuka hivyo hivyo. Anamalizia na dhoruba Arwen ya Novemba 2021, iliyolaza misitu mizima na kuwaacha watu wa Aberdeenshire, mkoa wetu huu, gizani, wengine zaidi ya wiki. Binti yangu ndiye mkalimani. Alitafsiri yote, nyuzi kwa nyuzi, mti kwa mti.

"Mwambie," mama akasema, "kwetu pia tuna kusi, na nguo tunaanika."

Oktoba alijaribu mara ya kwanza. Akasahau kuanua, usiku ukaja umande wa barafu, asubuhi kanga zikatoka kambani zimekauka ngangari kama ng'onda. Moja ilibidi aingie nayo mlangoni kwa ubavu. Mtu mwingine angerudi kichanjani. Mama aliisimamisha ile kanga ukutani karibu na jiko, akaingoja ianguke yenyewe.

Basi ikafika Jumamosi moja katikati ya Novemba. Mke wangu, ambaye ni nesi, alikuwa zamuni. Mimi sikuwa na kazi siku hiyo, niko nyumbani na watoto. Jua likachomoza saa mbili, anga nyeupe pe, upepo mwanana. Simu yangu ikaleta onyo la rangi ya njano kuhusu upepo, maana huku maonyo huja kwa rangi: njano, chungwa, na nyekundu ambayo ukiiona unaingia ndani na kufunga mlango. Nikamwambia mama kuna njano.

"Njano ni embe bivu," akasema. "Nipe vibanio."

Akaanika. Alipomaliza, uwanja ulikuwa Barabara ya Kumi na Mbili kule Tanga siku ya sikukuu. Kanga zote, mashuka, sare za shule, suruali zangu ndefu za kuvaa ndani, na mwisho kabisa wa kamba, nyuma ya shuka kubwa ili mkwe asione, magagulo.

Kwa muda wa saa mbili hivi mama alikuwa mshindi. Alikaa dirishani akinywa tangawizi na kunitupia jicho la "mlisema nini?"

Halafu mlima wa Lecht ukapotea. Huku kwetu hali ya hewa inakuja kwa njia hiyo. Unatazama magharibi, mlima upo. Unageuka kumimina maji, mlima haupo. Barabara inayopita huko juu, ile A939 ya kwenda Tomintoul, ina mageti kabisa ya kuifungia theluji ikizidi, na geti likifungwa Cockbridge sisi tunajua zamu yetu ni baadaye kidogo. Siku hiyo haikuja theluji. Ilikuja mvua ya mawe, ya ubavuni, na upepo ambao haukuwa hata na jina. Tangu 2015 dhoruba kubwa hupewa majina zikatangazwa kwenye taarifa ya habari. Huu ulikuwa upepo tu wa Jumamosi, na bado ulichukua kamba na nguzo yake moja.

"Baba! Nguo zinaruka!" kitinda mimba akapiga kelele, kwa furaha isiyo na chembe ya huruma.

Sare za shule ziliishia kijitoni. Suruali zangu za ndani zilinasa kwenye seng'enge zikawa zinapiga mateke. Shuka likaenda zake upande wa Alford, sijaliona tena. Kanga moja na gagulo moja vilivuka ukuta wa mawe vikatua shambani kwa jirani, kwenye pembe za kondoo dume.

Hapa lazima niseme habari za yule dume. Novemba ndiyo mwezi wa kupandisha kondoo milimani, ili wazae Aprili majani yakianza. Jirani yetu ni mtu wa zamani: anachukua unga wa rangi, anauchanganya na mafuta kwenye kopo, anampaka dume kifuani. Kila jike aliyepandwa anabaki na alama ya rangi juu ya mkia, mzee anasimama getini anahesabu. Wiki hiyo rangi ilikuwa nyekundu. Dume mwenyewe ni wa wale wenye uso mweusi na pembe zilizojisokota, na mwezi huo hana rafiki. Kitu chochote chenye miguu kikiingia shambani, ama ni mke wake ama ni adui yake.

Sasa ana kanga. Pindo limenasa pembe ya kulia, kanga yenyewe imemfunika mgongo mpaka mkiani, na jina linasomeka vizuri kabisa: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Gagulo limening'inia pembe ya kushoto, lesi inampiga jicho. Majike wakimwona anakuja wanatimka. Anawafuata. Wanatimka zaidi. Shamba zima kondoo wanazunguka na yeye nyuma yao na ujumbe wake.

Nikavaa gambuti nikatoka. Mama akanifuata mpaka getini, kavaa koti langu na gambuti za mke wangu, mwavuli umeshageuka nje ndani.

"Mwanangu, niletee kanga yangu!"

"Nakwenda mama!"

"Kanga tu!"

"Na hiki kingine?"

"Kipi?"

Nikanyamaza. Mawe ya mvua yananigonga kipara.

"Kile... cha pembe ya kushoto, mama."

"Sikioni."

"Kile cheupe."

"Mwanangu, mimi naona kanga. Kingine sikioni, na wewe hukioni. Kiache kiende na Mungu."

Basi nikaruka ukuta nikiwa na maagizo ya kuvua kanga bila kuona gagulo, juu ya kichwa kimoja. Nikamwendea dume kwa upole, naongea naye Kiswahili, kwa kuwa kanga imempa sura ya mtu wa kwetu. Akanitazama kwa jicho moja, lingine liko nyuma ya lesi. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Mimi mtoto wa mjini, nikadhani kaogopa.

Dume akirudi nyuma anatafuta nafasi ya kukimbilia. Alinipata pajani. Nikaenda chini, kifudifudi, kwenye tope ambalo si tope tupu. Nikajaribu kuinuka kwa magoti, yeye akapita juu yangu, kifua chote, akiwafuata wake zake.

Nilikuwa bado hapo chini nilipoona gambuti za mtu mwingine.

"Fit like?" mzee akanisalimia, maana Aberdeenshire mtu husalimiwa hata akiwa amelala shambani.

"Nae bad," nikamjibu, yaani si vibaya.

Alikuja na pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa, na ndoo ya chakula cha mifugo. Hakukimbia, hakupiga kelele. Akaitikisa ndoo mara mbili tu, na yule shetani akaja mbio, mpole, akatumbukiza kichwa ndani. Mzee akamvua kanga, akaikung'uta, akaikunja vizuri. Halafu akalivua gagulo. Akalinyoosha kwa mikono miwili juu, usawa wa macho, kwenye mwanga, upepo ukalijaza. Lilikuwa na mkono mzima wa rangi nyekundu upande mmoja. Kule getini nikamsikia mama akisema "Ya Rabbi," na mwavuli ukaanguka.

"Hili la nani?" mzee akauliza.

Nilimtazama mama. Alikuwa amegeuka, anachunguza nguzo ya geti. Binti yangu yuko juu ya ukuta, kaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi mke wangu nilimuoa kwa posa, na wazee walisimama mbele ya huyu mama wakasema wamemletea mtoto wa kumstiri.

"Langu," nikasema.

Mzee akanitazama kuanzia kichwani mpaka gambuti. Akalitazama tena gagulo, urefu wake, lesi yake. Hii ni nchi ambayo mwanamume anavaa kilti, sketi yao ya sufu, kwenye harusi yake na hakuna anayemuuliza kitu.

"Aye," akasema, akanikabidhi kwa heshima zote. Halafu akanigeuza begani, akanitazama nyuma nilikopitiwa na kile kifua. Suruali ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni. Akatikisa kichwa. "Na wewe utakuwa wa Aprili."

Rangi ile haitoki, msijisumbue. Mama alilifua gagulo kwa maji moto, kwa ndimu, kwa siki, kwa dawa ya Kiswahili na dawa ya dukani, mwisho akalitia jikoni kwenye moto akiwa amefunga mlango. Kuhusu mazungumzo ya shambani hakuniuliza na sikumwambia. Lakini usiku ule kwenye samaki wa nazi kichwa kilikuja sahani yangu, na tangu aje kichwa kilikuwa chake. Mke wangu aliporudi kutoka zamuni aliambiwa kamba ilikatika. Basi.

Lingeishia hapo, ila tarehe 30 Novemba ni Siku ya Mtakatifu Andreas, na ukumbi wa kijiji huwa na dansi. Siku chache kabla, mzee akaja kutualika. Tuko mezani wote, kichanja juu yetu kina soksi za watoto peke yake. Akanywa chai, akapita Braemar, akapita Arwen, kisha akanigeukia akashusha sauti kidogo, sauti ya mwanamume anayemsitiri mwenzake.

Akasema ana kilti yake ya ujana, ya sufu nzito, na ataniazima niende nayo. Kile kitambaa changu ni kizuri, hakatai, ila kwa baridi hii ni chepesi mno.

"Kitambaa kipi?" mke wangu akauliza.

Nikatazama siagi. Binti yangu akatazama soksi.

"Kasemaje?" mama akauliza.

Binti akatafsiri. Yote, neno kwa neno, pamoja na lile la "langu" ambalo hakuna aliyemuomba. Mke wangu akaweka kikombe chini. Mama alikaa kimya, kidevu kinamcheza, macho yako kwenye bakuli la sukari. Halafu akajifuta machozi kwa pindo la mtandio.

"Mwambie tunamshukuru," akasema. "Na mwambie iwe ndefu."