Siri ya Allman Brothers Haiko kwenye Gitaa

Mjadala wowote wa bluzi-roki ya Kusini mwa Marekani huishia kwa mpiga gitaa Duane Allman, chupa yake ya vidonge aliyoitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa lake la Les Paul. Sifa hizo anazistahili zote. Lakini angalia bendi zilizomuiga: zimenunua gitaa lile lile, zimetafuta amplifaya za Marshall za wati 50 kama zake, zimekariri solo zake noti kwa noti, na bado muziki unatoka mkavu. Zimeiga kile ambacho macho yanakiona jukwaani. Bendi yake, Allman Brothers Band, ilikuwa watu sita ambao makuzi yao ya muziki hayakufanana hata kidogo, na nguzo ya nyumba ile, kwa maoni yangu, ni mtu asiyetajwa sana: mpiga drams Jaimoe.

Bendi iliundwa Jacksonville, Florida, Machi 1969, ikahamia Macon, Georgia, muda mfupi baadaye. Macon alikuwako Phil Walden, meneja wa Otis Redding hadi Otis alipokufa katika ajali ya ndege Desemba 1967. Yaani vijana hawa wa nywele ndefu walihamia kwenye mji wa soul, chini ya mtu aliyekuwa bado anaomboleza mwimbaji wake. Weupe watano na mweusi mmoja wakawa kundi moja Georgia, miaka mitano tu baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Walipoishiwa hela, Mama Louise Hudson wa mgahawa wa H&H aliwapa chakula. Ukiyajua hayo, jina la "roki ya Kusini" lililobandikwa baadaye linaonekana finyu sana. Gregg Allman mwenyewe, mwimbaji wa bendi na mdogo wake Duane, hakulipenda.

Jaimoe, ambaye jina lake la kuzaliwa ni John Lee Johnson, alizaliwa Ocean Springs, Mississippi, mwaka 1944 na kukulia Gulfport. Kabla ya kukutana na Duane alishapiga na Otis Redding, Percy Sledge na Joe Tex. Kazi ile ina nidhamu kali. Mpiga drams wa mwimbaji wa soul anafuata mkono na bega la mwimbaji, anaacha nafasi pale sauti inapoingia, na anafunga wimbo kwa ishara moja tu. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye jazi. Yeye ndiye wa kwanza kujiunga na Duane, kule Muscle Shoals, Alabama, ambako Duane alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio ya FAME. Na ndiye aliyewasikilizisha wenzake magwiji wa jazi Miles Davis na John Coltrane mpaka wakakolea.

Hapo ndipo ilipotoka ile tabia ya kupiga solo ndefu juu ya kodi mbili tu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Sikiliza "In Memory of Elizabeth Reed", utunzi wa mpiga gitaa wa pili, Dickey Betts, ambao jina lake lilichukuliwa kwenye jiwe la kaburi katika makaburi ya Rose Hill, Macon. Solo za humo hazikimbizani na mlolongo wa kodi wa baa kumi na mbili kama bluzi ya kawaida. Zinakaa mahali pamoja, kisha kinachobadilika ni uzito, kasi na kelele. Anayesukuma mabadiliko hayo ni nani? Zima akili yako kwa gitaa kwa dakika mbili, fuata matoazi, utapata jibu.

Mpiga drams wa pili, Butch Trucks, alitoka upande mwingine kabisa. Ni mtoto wa Jacksonville, aliyepitia bendi za folk-roki, na alipenda pia timpani, zile ngoma kubwa za okestra, ambazo baadaye aliziingiza jukwaani. Yeye ni treni ya mizigo: mapigo yaliyonyooka, nguvu, mbele kwa mbele. Duane alitaka drams mbili kwa sababu James Brown na Otis Redding walifanya hivyo. Lakini kuweka seti mbili jukwaani ni jambo rahisi, na kuzifanya zisigombane ni jambo jingine.

Bendi nyingi hukosea hivi. Wapigaji wawili wanacheza kitu kile kile kwa pamoja: ngoma ya mguu pamoja, snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) pamoja. Hakuna binadamu wawili wanaogonga kwa wakati ule ule kabisa, kwa hiyo kila pigo la snea linasikika mara mbili, kama mlango uliolegea bawaba. Ngoma mbili za mguu zikikosana hata kidogo zinafunika besi, na chini kote kunakuwa tope. Fundi wa sauti anapandisha besi, mpiga gitaa naye anapandisha gitaa, na baada ya nyimbo tatu hakuna anayemsikia mwenzake.

Dawa yake ni kugawana kazi. Mmoja ashike pigo la pili na la nne kwenye snea pamoja na ngoma ya mguu, asihame. Wa pili aachie kabisa mapigo hayo mawili, akae kwenye toazi kubwa, aweke mapigo madogo laini katikati na kujaza kwa ngoma za juu pale sentensi ya gitaa inapokwisha. Trucks alikuwa wa kwanza, Jaimoe wa pili. Ukitaka kujaribu na bendi yako, anzeni na mmoja peke yake kwa dakika tano. Kisha wa pili aingie kwa toazi tu, bila mguu. Mguu wake uongezwe mwisho, tena pale tu ambapo mguu wa kwanza haupo. Mkianza wote kwa pamoja hamtajua kosa liko kwa nani.

Tukija kwenye gitaa, aliyezoea bendi za dansi, ambako solo, rizimu na besi kila moja ina kibarua chake, atashangaa kwamba hapa magitaa yote mawili ni solo, na mara nyingi yanaimba wimbo mmoja kwa sauti mbili. Hilo limetoka kwa Betts zaidi kuliko kwa Duane. Betts alizaliwa West Palm Beach, Florida, mwaka 1943, katika familia ya wapigaji. Baba yake alipiga fidla. Alianza na ukulele akiwa na miaka mitano, akaendelea na mandolini na banjo. Katika muziki wa kantri na western swing, fidla mbili kuimba wimbo mmoja kwa sauti mbili ni jambo la kila siku. Yeye alilihamishia kwenye gitaa la umeme.

Kosa linalowaumbua wanaoiga ni kudhani gitaa la pili hufuata la kwanza kwa umbali usiobadilika. Chukua skeli ya A. Gitaa la kwanza likipiga A, B, C♯, la pili lipige C♯, D, E. Kutoka A hadi C♯ ni freti 4 (freti ni vile vyuma vya shingo ya gitaa), lakini kutoka B hadi D ni 3, na C♯ hadi E ni 3. Ukishikilia freti 4 kila mahali utapata noti ambazo hazimo kwenye skeli, na msikilizaji atahisi kuna mtu amepotea njia hata kama hajui kwa nini. Tatizo la pili ni kuvuta uzi. Watu wawili wakivuta pamoja, mmoja atafika kwenye noti kabla ya mwenzake. Kubalianeni nani anaongoza, na mtetemo wa kidole uwe wa mwendo mmoja, la sivyo msiutie kabisa.

Chupa ya Duane ina historia inayojulikana. Novemba 1968 alikuwa ameumia kiwiko baada ya kuanguka kwenye farasi. Siku alipotimiza miaka 22, mdogo wake Gregg alimpelekea albamu ya kwanza ya Taj Mahal na chupa ya vidonge vya mafua vya Coricidin. Duane akamwaga vidonge, akabandua karatasi, akaivaa kidoleni na kuanza kuufuata wimbo wa "Statesboro Blues". Tazama njia iliyopita: wimbo ule ni wa Blind Willie McTell wa Georgia, aliyeurekodi 1928. Taj Mahal akaurekodi upya, na slaidi, yaani gitaa la kutelezesha chupa au bomba juu ya nyuzi, akaipiga Jesse Ed Davis, Mmarekani wa asili kutoka Oklahoma. Kutoka hapo ukaja kwa Duane na kurudi Georgia. Machi 1971 aliufungulia albamu nao jukwaani New York, akiwa hajatimiza miaka mitatu tangu aivae ile chupa.

Anayetaka kuipata sauti ile aanze na mpangilio wa nyuzi. Kutoka mpangilio wa kawaida, E A D G B E, pandisha uzi wa tano kutoka A hadi B, wa nne kutoka D hadi E, na wa tatu kutoka G hadi G♯. Nyuzi nyingine ziache. Ukizipiga zote wazi utasikia kodi kamili ya E. Pandisha polepole, kwa sababu nyuzi hizo tatu sasa zimebeba mzigo zaidi na uzi uliochakaa utakatika papo hapo. Kama gitaa lako ni la mbao lenye shingo dhaifu, shusha badala ya kupandisha: D A D F♯ A D, kisha funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya 2. Nyuzi zikiwa zimelala karibu sana na shingo, chupa itagonga freti na kutoa kelele ya bati, kwa hiyo ziinue kidogo.

Duane aliivaa chupa kidole cha pete. Vidole viwili vinavyobaki nyuma yake, cha shahada na cha kati, vina kazi kubwa: vinalala juu ya nyuzi bila kubonyeza, kuzinyamazisha. Bila hivyo uzi unalia pande zote mbili za chupa. Chupa ikae juu kabisa ya chuma cha freti; anayeiweka kati ya freti na freti, kama anavyoweka kidole, noti zake zote zitashuka. Mkono wa kulia acha kipiki, tumia gumba na vidole viwili, na vidole visivyopiga viwe vinazuia nyuzi za jirani. Wengi wanaoshindwa slaidi wana mkono wa kushoto mzuri tu. Wanachokosa ni kunyamazisha.

Besi ya Berry Oakley inastahili makala yake. Alizaliwa Chicago mwaka 1948, na gitaa ndilo lililomtangulia kabla ya besi. Ndiyo maana hakukubali kukaa kwenye noti ya msingi ya kodi. Alipiga kwa kipiki, akajibizana na magitaa kama gitaa la tatu. Mwanzo wa "Whipping Post" ni wake, nao una hesabu ya 11: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili. Wanaouangusha wimbo huu huongeza pigo la kumi na mbili bila kujua, kwa sababu mwili unataka kundi la mwisho nalo liwe la tatu. Msihesabu hadi 11. Hesabuni makundi, na mkifika lile la mbili mwelekee mbele haraka. Mwimbaji anapoingia, hesabu inarudi kwenye makundi kamili ya tatu, na ile ahueni unayoisikia kifuani imetoka hapo.

Gregg alikuwa na miaka 21 bendi ilipoanza na aliimba kama mtu wa hamsini. Baba yao aliuawa Desemba 1949, mama akawalea peke yake, na mwaka 1959 wakahamia Daytona Beach, ambako Gregg alijifunza uimbaji kwa mwimbaji mweusi Floyd Miles. Kinanda cha Hammond alikabidhiwa alipojiunga na bendi, akajifunzia kazini. Nadhani ndiyo sababu kinanda chake hakijai maneno mengi. Kinashikilia kodi na kuwaachia wengine uwanja.

Vyote hivi vimekusanyika katika albamu ile ya New York, At Fillmore East, iliyorekodiwa tarehe 12 na 13 Machi 1971. Mtayarishaji Tom Dowd alikuwa ametoka tu Ghana, kwenye kazi ya tamasha la Soul to Soul. Usiku wa kwanza akakuta wapiga saksafoni na ala za kupuliza wamealikwa jukwaani, hawakupatana na nyuzi, akataka waondolewe. Alikuwa sahihi. Sita walitosha.

Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki Macon, tarehe 29 Oktoba 1971. Oakley naye, tarehe 11 Novemba 1972, pikipiki vilevile, mtaa wa jirani. Wote wawili walikuwa na miaka 24. Bendi haikutafuta Duane wa pili, ikamchukua mpiga piano kijana, Chuck Leavell kutoka Alabama. Nafasi ya besi ikachukuliwa na Lamar Williams, rafiki wa Jaimoe kutoka Gulfport. Malezi yakabadilika, sauti ikabadilika: kantri ya Betts ikapanda juu, na mwaka 1973 "Ramblin' Man" ikafika nafasi ya 2 Marekani. Ni wimbo mzuri, lakini ndani yake Coltrane hayumo.

Kwenye "Jessica" ya mwaka huohuo Coltrane utamsikia tena. Vaa spika za masikioni, subiri piano ya Leavell imalize solo yake, kisha lifuate toazi linavyowabeba wote.