Toba ya mbele ya usharika, toba ya sirini, na aliyekosewa aliyesahaulika

Katika baadhi ya sharika za Kilutheri na Kimoraviani huku Nyanda za Juu Kusini, binti akipata mimba kabla ya ndoa huwekwa nje. Haimbi kwaya, haendi Meza ya Bwana. Siku ya kurudi kundini husimama mbele ya usharika, akaulizwa, akajibu, akaombewa, yakaisha. Kijana aliyempa mimba yuko Mwanjelwa, mjini Mbeya, anauza simu, au amekaa benchi la tatu anaitikia sala pamoja na wengine.

Wapo wanaotaka utaratibu huu ufutwe kabisa. Wanaoutetea nao wanasikilizwa kidogo kuliko wanavyostahili. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, alieleza kwamba kinyongo kilichofichwa kiliaminika kuleta ugonjwa, na kwamba matambiko ya ukoo yalitaka wenye ugomvi kwanza waseme wazi yaliyo moyoni. Kwa hiyo wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri kutoka Berlin walipofika huko mwaka 1891 hawakukuta watu wasiojua maana ya kuungama. Wamoraviani wenyewe walikuja na kumbukumbu ya Agosti 13, 1727, siku ambayo watu wa Herrnhut, kijiji cha Wamoraviani kule Ujerumani, baada ya magomvi mengi, walishiriki Meza ya Bwana pamoja wakiwa wamepatana. Waumini wao huku wanaiadhimisha tarehe hiyo mpaka leo. Na Yakobo anaagiza waziwazi kwamba waamini waungamiane dhambi.

Ila watu wa Herrnhut walikuwa wamekosana wao kwa wao, na waliopatana ni hao hao waliokosana. Binti yule amemkosea nani katika waliojaa kanisani? Wazazi wake pengine, na hao alishalia nao nyumbani. Utaratibu unaishika dhambi inayoonekana tumboni na kumwachia mzee wa kanisa aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane. Huyo hajawahi kurudi kundini kwa sababu hakuna aliyewahi kumtoa.

Kwa Wakatoliki, Jumamosi za Kwaresima pale Iringa foleni ya kitubio haimbagui mtu. Mwenye duka na mchoma mahindi wanapiga magoti mahali pale pale, na Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza mwaka 1215 kila mwamini aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka. Padre haruhusiwi kufichua alichosikia, hata mahakamani. Hapa hakuna anayeaibishwa, na kwa hilo nawapa Wakatoliki alama zote. (Mlutheri anayesema kuungama kwa faragha ni mambo ya Roma arudie vitabu vyake: Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 11, linataka maondoleo ya faragha yabaki kanisani.) Waliookoka wanakwenda mbali zaidi: sala ya toba moja kwa moja kwa Mungu, kwa ahadi ya 1 Yohana 1:9, bila mtu katikati.

Shida ya usiri huu inajitokeza fedha zinapoingia. Tuseme mweka hazina wa kikoba pale Uyole amekula fedha za mbolea za wenzake. Anaungama Jumamosi, Jumapili anakomunika jirani na akina mama wale wale ambao mahindi yao yamekuwa ya njano. Mkatoliki atanijibu kwamba hayo siyo mafundisho, na atakuwa sahihi: Katekisimu, namba 1459, inasema maondoleo yanafuta dhambi lakini hayarekebishi madhara yote, na kwamba cha wizi kirudishwe. Lakini padre amefungwa na siri ile ile. Hawezi kwenda kwenye jumuiya kuuliza kama fedha zimerudi. Kwa upande wa waliookoka, mtu hushika kipaza sauti akasema zamani alikuwa tapeli, Bwana amemsamehe, makofi yakalia. Waliotapeliwa wanapiga makofi pia, wafanyeje?

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kabla Yesu hajatamka kwamba wokovu umefika nyumba ile. Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba msamaha ni neema, siyo bei, na mwizi msalabani hakurudisha hata senti. Nakubali. Ila yule mikono ilikuwa imepigiliwa misumari. Mweka hazina wetu ana ekari za viazi.

Mimi ningebakiza kurudi kundini, ila ningebadilisha anayesimamishwa mbele. Aliyekula michango ya bati ameukosea usharika wote, basi na asimame mbele ya usharika wote, akitaja na tarehe atakayolipa. Aliyemdhulumu mtu mmoja aende kwa huyo kwanza, kama Mathayo 5 inavyomtaka mtu aache sadaka yake madhabahuni akapatane na ndugu yake. Binti aachwe aimbe. Na kijana wa Mwanjelwa aulizwe habari za matunzo ya mtoto, siyo habari za machozi.

Pagumu ni kwa mume aliyezini. Kumwambia mke kila kitu usiku mmoja mara nyingine ni kumtua mzigo mume na kumtwika mke. Hapo namwona padre, au mchungaji mwenye kifua, ana kazi ambayo usharika hauiwezi: kumsaidia mume apime aseme nini, lini, na kwa nini. Isipokuwa kama kuna hatari ya maambukizi. Mkoa wa Njombe umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya Ukimwi nchini, na Mbeya na Iringa haziko mbali nao. Mume huyo ana haki ya siri yake mbele ya padre, lakini mke naye ana haki ya kupimwa, na hawezi kwenda kupima kitu ambacho hajui kama kimeingia nyumbani.